Maua ya Mrehani Ndani ya Mchuzi wa Nazi

Assalamu alaikum jamani, karibuni tena uani kwangu, hapa Langoni, Lamu. Leo ni mrehani, huu huu tunaoutia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asmini. Shoga zangu hunicheka: "Rehani ya kikuba, wewe waitia chunguni?" Naam, naitia.

Sogeza simu, mwanangu. Lioneni shuke hili: vimaua vya chini vishafunguka, vya juu bado. Kata hapa, juu kidogo ya majani mawili. Ukiuacha mti utoe maua upendavyo, majani hupungua na kuwa machungu. Nyuki huyo, mpishe kwanza. Sasa chambua vimaua, kimoja kimoja. Kikonyo kigumu, tupa.

Samaki wetu, changu, keshakaangwa. Vitunguu, nyanya, bizari, ndimu, hayo mwayajua. Tui jepesi lishachemka, natia kasimile, lile tui zito. Moto mdogo! Koroga, wala usiuache upawa. Siku moja nilikuwa na wageni, nikapokea simu, dakika moja tu. Kurudi, tui limekatika, mafuta yanaelea juu, mabonge chini, na wageni wananawa mikono. Moto mdogo, nimesema, na...

Paka! Mtoe huyo paka! Haya, kichwa cha changu kishakwenda. Ngojeni nikoroge, nikoroge... halijakatika, alhamdulillahi. Futa kioo cha simu, mvuke umejaa.

Zima moto. Nimezima? Nimezima. Ndipo majani, yachane kwa mkono. Maua yawe ya mwisho kabisa, ukishapakua. Ukiyachemsha, harufu yote inaondoka na mvuke, majani yanakuwa meusi. Moto uwe umezimwa! Onja ua moja: laini kuliko jani, na kwa mbali kama karafuu.

Mashuke yaliyokauka msitupe. Yasugue viganjani, pepeta, utapata mbegu nyeusi ndogo. Kijiko 1 cha chai kwenye gilasi ya maji, ngoja robo saa. Hizi niliroweka mapema. Tazama zilivyovimba, kila moja imevaa utando, utadhani mayai ya chura. Samahani kwa mnaokula. Zitie kwenye sharubati. Mimi napenda ya ukwaju, huyu mpiga picha wangu hataki ila ya ndimu.

Miche ninayo, shilingi 100, imo kwenye makopo. Njooni asubuhi kabla jua halijawa kali. Na makopo nirudishieni, jamani.