Darubini ya Kwanza: Anza na Lenzi Inayokuza Kidogo

BARAKA: Habari za jioni wasikilizaji, karibuni kwenye kipindi. Mimi ni Baraka, na leo niko tena na Mwalimu Rehema, mwalimu wa fizikia na mpenzi mkubwa wa nyota. Shikamoo Mwalimu.

MWALIMU REHEMA: Marahaba Baraka, hujambo?

BARAKA: Sijambo. Naomba tuanze moja kwa moja na ujumbe uliotoka Morogoro. Kijana kaletewa zawadi na mjomba wake, darubini ya lenzi, imeandikwa 70/700, na kwenye boksi wameandika inakuza mara 525. Kaifunga vizuri, kaielekeza mbinguni, haoni kitu. Giza tupu. Anauliza kama ni mbovu.

MWALIMU REHEMA: Sidhani hata kidogo. Mwambie asiirudishe kwenye boksi. Ila hiyo 525 aisahau kabisa, maana ndiyo inayomkwamisha.

BARAKA: Kwa nini? Mtu akinunua darubini si anataka ikuze?

MWALIMU REHEMA: Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga. Kukuza kunafuata. Hizo namba mbili maana yake ni hii: 70 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, 700 ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hiyo hadi pale mwanga unapokusanyika, nao kwa milimita. Ndani ya boksi atakuta lenzi ndogo za kuchungulia, mara nyingi moja ya milimita 20 na nyingine ya milimita 4. Gawanya 700 kwa 20, unapata 35. Gawanya kwa 4, unapata 175. Halafu kuna lenzi ya Barlow inayozidisha mara tatu, ukiipachika hapo ndipo wanapoipata 525 yao. Hesabu ni sahihi, lakini mwanga ulioingia ni uleule wa milimita 70. Ni kama chai ya kikombe kimoja ukaiongeza maji itoshe watu kumi: ipo, lakini haina rangi wala ladha.

BARAKA: Kwa hiyo kikomo kiko wapi?

MWALIMU REHEMA: Chukua kipenyo kwa milimita, zidisha mara mbili. Kwa darubini yake ni 140, na hapo ni usiku ambao hewa imetulia kwelikweli. Ukivuka hapo unakuza ukungu tu. Kwa hiyo aweke ile ya milimita 20 na aiache humo kwa wiki kadhaa za mwanzo. Lenzi ya Barlow aifungie kabatini.

BARAKA: Mara 35 tu, ataona nini cha maana?

MWALIMU REHEMA: Baraka, Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, mwaka 1610 alikuwa na darubini iliyokuza mara 20 hivi. Tarehe 7 Januari aliona nyota tatu ndogo zimejipanga karibu na Mshtarii, sayari ya Jupiter. Akarudi siku zilizofuata, zimehama. Kufika tarehe 13 alikuwa ameziona nne. Hiyo ndiyo miezi minne mikubwa ya Mshtarii: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Kijana wa Morogoro ana chombo bora kuliko cha Galileo, na lenzi yake safi kuliko ile.

BARAKA: Sawa. Sasa tumsaidie aione. Yeye anasema kaelekeza, haoni kitu.

MWALIMU REHEMA: Hapo kuna mambo mawili. La kwanza, aangalie kama ametoa mfuniko wa mbele wote. Darubini nyingi mfuniko wake una kimfuniko kidogo katikati, mtu anakitoa hicho akidhani amemaliza, kumbe mwanga unaingia kwa tundu dogo tu. La pili, na hili ndilo kubwa, hajalinganisha kile kidarubini kidogo cha kulengea kilichokaa ubavuni. Kazi hiyo inafanywa mchana.

BARAKA: Mchana?

MWALIMU REHEMA: Mchana kweupe, au jioni jua linapoelekea kuzama, huku umelipa mgongo. Tafuta kitu cha mbali, kisipungue kilomita moja: ncha ya mnara wa simu inafaa sana. Weka ile lenzi ya milimita 20. Sogeza bomba la darubini taratibu mpaka ncha ya mnara iingie katikati, kisha zungusha gurudumu la fokasi pole pole mpaka uone vyuma vyake vimekatika vizuri. Usishangae ukiuona mnara umepinduka kushoto kulia, au juu chini. Darubini ndivyo zilivyo, na nyota haina juu wala chini. Sasa kaza bomba lisitikisike, hamia kwenye kidarubini kidogo. Utakuta msalaba wake umeangukia pembeni kabisa, labda kwenye paa la jirani. Zungusha zile skrubu zake ndogo, moja unalegeza, ya upande wa pili unakaza, mpaka msalaba ukae juu ya ncha ileile. Rudi uhakikishe kwenye bomba kubwa. Ukimaliza hapo, usiku kazi imebaki ndogo: unaweka msalaba juu ya nyota, na nyota iko ndani.

BARAKA: Nimesikia ukitaja kulipa jua mgongo.

MWALIMU REHEMA: Hapo naomba kila mzazi asikilize. Darubini ikielekezwa kwenye jua, hata sekunde moja, inaunguza jicho na haliponi, na mtu hasikii maumivu wakati linaungua. Darubini za bei nafuu wakati mwingine zinakuja na kikioo cheusi cha kupachika kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa ni cha kutazamia jua. Kitupe. Kinakaa pale joto lote linapokusanyika, kinaweza kupasuka jicho likiwa hapohapo. Kichujio cha jua kinachofaa kinafunika mdomo wa mbele wa darubini, mwanga unapunguzwa kabla haujaingia. Na kile kidarubini cha kulengea nacho kiwe kimefunikwa au kimetolewa.

BARAKA: Na nasikia kuna kupatwa kwa jua kunakuja.

MWALIMU REHEMA: Tarehe 2 Agosti 2027. Wasikilizaji wetu walioko Jeddah na Makka watapata kupatwa kamili, na Luxor kule Misri pia, ambako giza litazidi dakika sita. Sisi huku Afrika Mashariki tutaona jua limemegwa sehemu tu, kwa hiyo kwetu hakuna dakika hata moja ya kutazama bila kinga. Wanaotaka vichujio waanze kuvitafuta mapema.

BARAKA: Turudi usiku. Wengi wanalalamika kwamba picha inatikisika.

MWALIMU REHEMA: Ile miguu mitatu ya darubini za kuanzia ni myepesi. Usiivute yote hadi mwisho. Iache mifupi, wewe keti kwenye kiti. Ning'iniza mfuko wenye chupa za maji katikati ya miguu, uzito unaituliza. Ukigusa gurudumu la fokasi, ondoa mkono, subiri kutikisika kuishe, ndipo uangalie. Na mahali: uwanja wa udongo au nyasi ni bora kuliko juu ya zege au kutazama juu ya paa la bati. Bati na saruji vimekunywa jua mchana kutwa, usiku vinatoa joto, na hewa ya juu yake inachemka. Unaiona sayari inatetemeka, unailaumu darubini.

BARAKA: Kuna mwingine kutoka Mombasa, anataka kununua. Anauliza achukue ile yenye stendi ya ikweta, ile yenye vyuma vya uzito pembeni? Anasema sisi tuko ikweta, si ndiyo ya kwetu?

MWALIMU REHEMA: Jina linavutia, lakini huku kwetu ndiyo inayosumbua kuliko zote. Ile stendi ina mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kuzungukia, na ncha hiyo iko juu ya upeo wa macho kwa nyuzi sawasawa na latitudo ya mahali ulipo, yaani umbali wako kutoka ikweta. Mtu wa London anauinua nyuzi 51, stendi inakaa vizuri. Mombasa ni nyuzi 4, Nairobi ni moja na kidogo, Dar es Salaam karibu 7. Mhimili unalala chini kabisa. Stendi nyingi za bei ya chini hazifiki huko, na zikifika, ule uzito unagonga miguu. Halafu Nyota ya Kaskazini ambayo wenzetu wa kaskazini wanailenga, Dar huioni, iko chini ya upeo. Ncha ya kusini nayo haina nyota angavu ya kuelekezea.

BARAKA: Basi achukue ipi?

MWALIMU REHEMA: Ile ya kwenda juu na chini, kushoto na kulia. Na kama mfuko unaruhusu, achukue darubini ya kioo, inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi, juu ya stendi ya Dobson, lile boksi la mbao linalozunguka chini. John Dobson, aliyekuwa San Francisco, aliieneza kwa watu wa kawaida, na inaweza kuundwa na fundi seremala yeyote. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya lenzi ya 70. Mimi ningeweka fedha huko kuliko kwenye mota na vitufe vya kuizungusha darubini.

BARAKA: Je, kukaa karibu na ikweta kuna faida yoyote kwa mtazamaji?

MWALIMU REHEMA: Kubwa sana! Sayari zinapita juu sana kwetu, karibu na utosini, kwa hiyo tunazitazama kupitia hewa nyembamba kuliko wanayopitia wa Ulaya. Na tunaona anga ya kaskazini na ya kusini kwa pamoja. Shida ni kwamba bomba likisimama wima kabisa linagonga miguu na shingo inauma. Basi usingoje sayari ifike utosini. Iwahi ikiwa katikati ya kupanda, au isubiri ianze kushuka.

BARAKA: Tuseme kijana amelinganisha, amekaa kitini. Aanze na nini?

MWALIMU REHEMA: Mwezi, na usiwe mwezi mpevu. Mpevu unamulikwa uso kwa uso, hakuna vivuli, unaumiza jicho tu. Achukue mwezi wa siku ya saba au ya nane, nusu yake imewaka. Atazame pale mwanga na giza vinapokutana. Pale jua ndiyo kwanza linachomoza huko mwezini, vivuli ni virefu, kila shimo lina ukingo unaong'aa upande mmoja na weusi wa wino upande wa pili. Ataona vidoa vya mwanga vimekaa peke yao ndani ya giza: hivyo ni vilele vya milima vilivyopata jua kabla ya mabonde. Akae hapo saa nzima, atavikuta vimeongezeka.

BARAKA: Na sayari?

MWALIMU REHEMA: Mshtarii na miezi yake, kama Galileo. Achore kila usiku jinsi miezi ilivyokaa. Io inamaliza mzunguko wake kwa chini ya siku mbili, kwa hiyo kesho mchoro haufanani. Zohali, sayari ya Saturn, kwa mara 35 ni kadogo lakini pete inaonekana. Akipata lenzi ya milimita 10, inakuwa mara 70, na hiyo ndiyo ningemshauri anunue kwanza. Mwaka 2025 pete zilitugeukia ubavu zikawa mstari mwembamba, sasa zinafunguka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Na ajue kwamba sayari haitulii kwenye lenzi. Dunia inazunguka, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kila baada ya dakika chache asukume bomba. Wengi wanadhani wameipoteza, kumbe imetembea.

BARAKA: Na sisi wa pwani, unyevu?

MWALIMU REHEMA: Lenzi ikishika umande, usiifute na kanga wala tishu, utaikwaruza. Iache ikauke yenyewe ndani ya nyumba, mfuniko ukiwa wazi, ndipo uihifadhi. Boksini weka zile pakiti ndogo za kukausha unyevu zinazokuja na viatu vipya. Pwani kuvu ikiingia kati ya vioo, haitoki.

BARAKA: Kabla hatujaaga, kipi cha kutazama miezi hii ya kipupwe, Juni hadi Agosti?

MWALIMU REHEMA: Kundi la nyota la Nge, amelala juu kabisa, na Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, pembeni ya mkia wake. Lenzi ileile ya milimita 20, pitisha taratibu kuanzia mkiani, usiharakishe. Halafu karibu na Msalaba wa Kusini kuna Alpha Centauri: kwa macho ni nyota moja, lakini ukiweka lenzi ya milimita 10 zinatengana, mbili, zinazungukana. Simu uwe umeizima, au skrini yake nyekundu, maana jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ujumbe mmoja wa simu unakurudisha mwanzo.

BARAKA: Kijana wa Morogoro, umesikia. Ukipata mchoro wa Mshtarii tutumie. Mwalimu, ahsante sana.

MWALIMU REHEMA: Ahsante nawe. Na mjomba naye apewe zamu ya kuchungulia.