Mshipa wa Moyo Ukitoboka, Puto Kwanza

Waheshimiwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi, walionisikia awali hapa Kisumu wanajua nitakapoanzia: mshipa wa moyo ukitoboka tukiwa ndani yake kuuzibua, msichomoe waya mwembamba unaoongoza vifaa. Waya ndio njia ya kurudi palipochanika, na puto lililotanua mshipa sekunde chache zilizopita ndilo la kurudishwa pale pale, au juu kidogo ya tundu, likajazwa kwa shinikizo dogo linalotosha kuziba tu. Kisha ingizeni kidogo dawa ya rangi inayoonekana kwa mionzi, mhakikishe kwenye skrini kwamba haimwagiki tena nje. Muuguzi ashike saa na kutaja kila dakika kwa sauti, puto likikaa dakika 5, hata 10 ikibidi.

Mtaniuliza, kama niulizwavyo kila mara, iwapo msuli wa moyo hautakosa damu. Utakosa, na mgonjwa ataumwa kifua. Asipostahimili, legezeni puto kwa muda mfupi, kisha mlijaze tena. Lakini damu inayovuja na kuingia katika mfuko wa moyo, yaani utando unaouzunguka, haitupi nafasi ya kusubiri. Sisi wa kanda hii tumezoea wagonjwa wa kifua kikuu wanaofika kwa miguu yao huku mfuko wa moyo umebeba lita nzima ya maji, tukadhani kwamba mfuko huo ni mvumilivu. Ulivumilia kwa kuwa ulitanuka kwa majuma mengi. Mililita 200 za damu zikiingia kwa dakika chache zaweza kuubana moyo hadi presha ikaporomoka. Kwa hiyo mashine ya eko, ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, na sindano ya kutolea damu hiyo ziwe ndani ya chumba kabla mgonjwa hajalazwa mezani, si katika kabati ambalo ufunguo wake unatafutwa.

Katika madaraja ya Ellis ya mwaka 1994, yanayopanga ukubwa wa matundu haya, daraja la tatu ni tundu la milimita 1 au zaidi, damu ikitoka wazi. Hapo puto hununua muda tu, na mara nyingi stenti iliyofunikwa, yaani kibomba cha wavu wa chuma chenye utando, ndiyo huziba. Tundu la ncha ya waya, mwishoni mwa mshipa mwembamba, huzibwa kwa koili, vijiwaya vilivyojisokota. Koili zikikosekana, kipande kidogo cha mafuta kutoka chini ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe, kikisukumwa kupitia katheta (mrija) nyembamba, hufanya kazi hiyo. Basi tusiseme hatuna kitu.

Muda umeniishia. Protamini, dawa ya kuondoa nguvu ya heparini inayozuia damu kuganda, isubiri hadi vifaa vitoke mshipani, damu isije ikaganda juu yavyo. Na ninyi wa wodini, tundu dogo laweza kuvuja polepole: presha ikishuka saa kadhaa baadaye, msiongeze maji tu, iteni eko mara moja.