Anza na Spika: Mhadhara kuhusu Amplifaya Ndogo za Valvu

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa muziki, asanteni kwa kufika.

Kila inapotajwa amplifaya ya valvu, yaani ile inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, swali huwa lile lile: wati 8 zitatosha? Naelewa linakotoka. Tumezoea sabufa za dukani zenye maboksi yaliyoandikwa maelfu ya wati za PMPO, namba ambayo haielezi nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Ukitoka huko, wati 8 zinaonekana chache mno. Mimi nasema swali hilo lije baadaye. Kwanza tujue spika inadai nini.

Chukueni valvu ya 300B. Western Electric ya Marekani iliitoa mwaka 1938, na haikutengenezwa kwa ajili ya sebule. Ikifanya kazi peke yake kwa kila chaneli, hutoa wati 8 hivi, na kwa nguvu za kiasi hicho watu walikaa kwenye majumba ya sinema wakasikia kila neno. Siri ilikuwa kwenye spika. Zilikuwa spika kubwa za honi, zinazogeuza umeme kuwa sauti bila kuupoteza ovyo. Honi za misikitini kwetu zinafuata kanuni hiyo hiyo: wati chache, na mtaa mzima unasikia adhana.

Ufanisi wa spika hupimwa hivi: unaipa wati 1, unaweka maikrofoni mita 1 mbele yake, unasoma desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Klipschorn, spika ya honi aliyoibuni Paul Klipsch huko Marekani miaka ya 1940, hutajwa na watengenezaji wake kuwa na desibeli 105. LS3/5A, spika ndogo ya BBC ya miaka ya 1970, ina kama 83. Sasa kumbukeni kwamba kila desibeli 3 zinadai wati mara mbili, na kila desibeli 10 zinadai wati mara kumi. Kati ya spika hizi mbili kuna pengo la desibeli 22. Kile ambacho Klipschorn inakifanya kwa wati 1, LS3/5A ingehitaji wati 160 kukifikia, na ingeungua kabla ya kufika huko. Si kwamba ni spika mbaya. Kwa sauti ya mwimbaji ni spika ninayoiheshimu sana, ila haikuumbwa kwa kelele.

Twende sebuleni. Wati 8 zinaongeza desibeli 9 juu ya wati 1. Spika ya desibeli 84 itafika 93 ukiwa mita 1, na hapo amplifaya imefika mwisho wake. Ukikaa mita 3, sauti inapungua tena. Halafu muziki wenyewe hauendi sawasawa. Kwenye taarabu, mdonoo mmoja wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, au pigo la dumbaki huruka desibeli 10 au 15 juu ya sauti ya kawaida ya wimbo, kwa muda mfupi sana. Kama hukuacha nafasi kwa miruko hiyo, amplifaya inaikata kichwa, na kanuni inapoteza ukali wake wa kucha. Spika ya desibeli 96 kwenye amplifaya hiyo hiyo inaacha nafasi tele. Ili ile ya 84 iifikie, ungehitaji karibu wati 130.

Kwa nini basi spika nyingi leo zinadai wati nyingi hivi? Mwaka 1954 Edgar Villchur, huko Massachusetts, alitoa spika ya kisanduku kidogo kilichozibwa kabisa, yenye besi ya kina ajabu. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Lakini fizikia inakupa viwili kati ya vitatu: kisanduku kidogo, besi ya kina, ufanisi mkubwa. Yeye alichagua viwili vya kwanza. Transista zilipofanya wati kuwa rahisi, watengenezaji wengi walimfuata.

Sasa jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii, nami naliona kubwa kuliko wati: ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme kupita, nao hupimwa kwa omu. Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 kwa kila sauti, nene au nyembamba. Kwenye besi inaweza kupanda hadi 30, na kwenye sauti za kati ikashuka hadi 4. Amplifaya ya kawaida ya transista haijali, kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana. Amplifaya ya 300B isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya sauti inayotoka ili kujisahihisha, inaweza kuwa na omu 3 ndani yake, na hapo volti zinagawanywa kati yake na spika. Pale spika ilipo na omu 4, inapata asilimia 57 ya volti. Pale ilipo na omu 30, inapata asilimia 91. Tofauti yake ni desibeli 4, kana kwamba mtu amekuzungushia kitufe cha besi bila ruhusa yako. Besi inavimba, mwimbaji anarudi nyuma, kisha lawama zinaiendea valvu.

Kwa hiyo tafuta spika ya desibeli 94 au zaidi, ambayo ukinzani wake haupandi na kushuka kwa fujo wala haushuki chini ya omu 6. Chumba kikiwa kidogo na ukakaa karibu, hata 90 inakubalika. Ukisoma karatasi ya vipimo, angalia kama wamepima kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8, volti hizo ni wati 1, lakini kwa ya omu 4 ni wati 2, kwa hiyo punguza desibeli 3 kwenye namba waliyoiandika.

Na kama tayari unazo spika za omu 8, jaribu jambo lisilo na gharama. Nyuma ya amplifaya kuna vishikizo vya nyaya za spika vya omu 4 na 8, pengine na 16. Hamisha nyaya kutoka 8 kwenda 4. Utapoteza nguvu kidogo, lakini ukinzani wa ndani unashuka kwa nusu na besi inakaza. Ila zima kwanza kabla ya kugusa nyaya, na usiiwashe mpaka spika zote mbili zimefungwa. Amplifaya ya valvu ikipigwa muziki bila spika, volti za transfoma inayounganisha valvu na spika zinapanda kiasi cha kuunguza nyuzi zake, na transfoma hiyo ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa humo ndani.