Hita ya Sola: Anzeni na Maji ya Nyumbani Kwenu

Mafundi wenzangu, nanyi wenye nyumba wa Njombe, asanteni kwa kuja na baridi hii ya Julai.

Kila mteja huniuliza: "Fundi, nichukue ya mirija ya kioo au ya bapa, ile ya boksi pana lenye kioo juu?" Nami humuuliza kwanza: maji kwenu yanakatika?

Nazungumzia ile mirija ya bei nafuu, ambayo maji hujaa humo humo. Ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati hewa imenyonywa, kama chupa ya chai. Kwa upepo wetu huu haipotezi joto ovyo, na hapo inaishinda bapa waziwazi. Lakini maji yakikatika na mirija ikakauka juani, kioo cha ndani kinaweza kupita nyuzi 200. Yakirudi saa nane mchana, ya baridi, kioo kinapasuka. Kwenye bapa maji hupita ndani ya bomba za shaba, kioo kiko juu tu, hakiguswi. Kwa hiyo penye mgao wa maji mimi nafunga bapa, na simtanki ya akiba juu zaidi.

Ila ninyi mnaotoka Makete, ambako umande huganda, msifunge bapa inayopitisha maji ya kuoga. Yakiganda, shaba inapasuka. Chukueni yenye tangi la koti, yaani tangi lililovikwa tangi jingine, inayozungusha kwenye koti hilo maji yaliyochanganywa na glaikoli, dawa ya kuzuia kuganda.

Pampu kwa nyumba ya kawaida haihitajiki. Maji ya moto hupanda yenyewe, mradi tangi liwe juu ya bapa, likiachana nayo kama sentimita 30, yasizunguke kinyume usiku. Bapa itazame kaskazini, maana jua la miezi ya baridi liko huko.

Kagueni kenchi: tangi la lita 200 likijaa linapita kilo 200. Na liwe karibu na bafu. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 hubeba zaidi ya lita 2, na hizo mtazimwaga baridi kila mnapofungua.

Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunakula yuniti 9 hivi za Luku. Basi koili ya umeme iwe na swichi yake, iwashwe jioni ya siku ya mawingu tu. Mkiiwasha alfajiri na kuiacha, jua likichomoza litakuta maji yameshachemka kwa pesa yenu.