Kubatiza Mtoni, Kutoka Tukuyu hadi Kyela

Mugonile, wazee wetu, wachungaji na vijana wa kwaya. Leo tunateremka na mto Kiwira hadi Ziwa Nyasa. Huku juu kwa miguu, maana ni miamba na maporomoko; mtumbwi ni wa kule tambarare.

Pale Daraja la Mungu, lava iliganda juu ya mto, maji yakaendelea kupita chini yake. Kule ziwani kuna pango la Kyala, walikotambikia Wanyakyusa kabla wamisionari Wamoraviani hawajafika Rungwe mwaka 1891. Na jina hilo la Kyala ndilo mnalomwitia Mungu leo mkiimba kanisani.

Didake, andiko la Wakristo wa mwanzo, linaagiza kubatiza katika maji yaliyo hai, yaani yanayotembea. Yakikosekana, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, ya moto. Yote yakikosekana, mimina kichwani mara tatu. Wanaozamisha na wanaomimina wangelisoma, wangepunguza kurushiana maneno.

Haya, tuingie majini. Tafuteni kona ya mto, upande wake wa ndani: mkondo hapo ni mpole na chini kuna mchanga. Kina kisizidi kiuno cha yule mfupi kuliko wote. Pimeni kwa fimbo asubuhi ya siku yenyewe, kwa kuwa mchanga wa juzi huenda umeshahama. Msaidizi mmoja akae hatua chache upande wa chini.

Anayebatizwa alazwe chali, kichwa kielekee mto unakotoka. Mkigeuza, maji yanamwingia puani moja kwa moja. Anapaliwa, anapapatika, anamvuta na mchungaji. Joho lishonewe vizito kwenye pindo, lisije likafumuka kama mwavuli mbele ya wakwe. Chini yake avae kaptula.

Masika, jua la hapo mlipo lisiwadanganye. Mvua inaweza kuwa inanyesha kule juu Rungwe, mto unakotoka. Maji yakigeuka rangi, yakaanza kuleta majani na vijiti, tokeni wote, hata kama ubeti haujaisha.

Kyela maji ni ya vuguvugu na yametulia, na hapo ndipo watu hujisahau. Kuna kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono, na huwa vingi zaidi jua la mchana likiwaka, kwa hiyo ingieni mapema, mbali na majani ya ukingoni. Hilo linapunguza hatari, haliiondoi. Kukimbilia kipimo kesho yake ni kupoteza nauli: mayai huchukua wiki kadhaa kuonekana. Mweleze mganga kituoni kwamba uliingia mtoni, na tarehe.

Tena kuna mamba. Maji ya tope msiyaingie kabisa. Hata yakiwa meupe, waulizeni kwanza wavuvi wa hapohapo, si wa kijiji cha jirani. Waumini wakishangaa mbona kwaya imefika wimbo wa tatu na mchungaji bado yuko ukingoni, waambieni anamngoja mvuvi arudi na jibu.