Nafasi ya 96

Mabibi na mabwana, mwenyekiti amenipa dakika chache, basi niruhusuni nianzie Kamukunji, kwa mafundi wa mabati wa Nairobi, kabla ya kufika Geneva.

Ukipita Kamukunji mchana, nyundo ndizo zinazokukaribisha. Fundi amekaa juu ya kigoda, anakata bati la pipa kuukuu, analikunja, analibana kiunoni mpaka linafanana na ngoma. Juu anapachika bakuli la udongo uliochomwa, analishikiza kwa saruji. Ndilo jiko la makaa mnalolijua nyote. Wazo lake lilitoka Thailand, likafika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakalipunguza hapa na kuliongeza pale hadi likakubali sufuria zetu. Linakula makaa kidogo kuliko lile la bati tupu. Halikuenea kwa hataza, ile hati ya kumlinda mvumbuzi asiigwe. Lilienea kwa fundi kumchungulia jirani yake. Leo utalikuta Uganda, Rwanda, Tanzania.

Sasa twende Geneva. Kila mwaka Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, hutoa Fahirisi ya Ubunifu Duniani. Ile ya 2024 ilipanga nchi 133 kwa viashiria 78. Upande mmoja kuna kinachowekezwa: taasisi, elimu na utafiti, miundombinu, masoko, biashara. Upande wa pili kuna kinachopatikana: teknolojia, machapisho, hataza, alama za biashara, hata filamu na programu za simu. Wastani wa pande hizo mbili ndio alama ya nchi. Uswisi imeshika namba moja tangu 2011. Mauritius ilikuwa ya 55, Kenya ya 96.

Magazeti huisoma orodha hii kama matokeo ya KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa ya 88. 2023 ikawa ya 100. Je, akili za Wakenya zilikauka katika miezi hiyo kumi na miwili? Hasha. Katikati ya orodha nchi zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni, na alama ndogo tu inakusukuma viti kadhaa mbele au nyuma. Viashiria navyo hubadilishwa. Wanaoitengeneza fahirisi wenyewe hueleza kwamba nafasi ya nchi ina upeo, yaani kutoka namba fulani hadi namba fulani. Sijawahi kuuona upeo huo kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti!

Halafu kuna takwimu zisizokuwepo. Kiashiria ambacho nchi haina takwimu zake hakihesabiwi sifuri. Kinaachwa, na wastani unapigwa kwa vilivyobaki. Kwa hiyo nchi iliyopima utafiti wake kwa uaminifu na kukuta ni haba inaweza kuumia kuliko jirani aliyenyamaza. Hapo ndipo mimi, niliyezoea kusahihisha mitihani, hukuna kichwa.

Msidhani naidharau kazi hii. Ripoti hiyohiyo iliitaja Kenya kwa miaka kadhaa miongoni mwa nchi zinazofanya vizuri kuliko kipato chao kinavyoruhusu, na waziri anayetaka kujua pa kuanzia atanufaika zaidi akisoma safu ya kiashiria kimojakimoja kuliko kuitazama nafasi ya jumla peke yake.

Na fundi wetu? Mwongozo wa Oslo, ambao wapimaji wa ubunifu huufuata, unakubali kuwa ubunifu ni kitu kipya au kilichoboreshwa kwa kiasi cha kuonekana, hata kama ni kipya kwa huyo anayekitengeneza tu, mradi kimefika kwa watumiaji. Kwa kipimo hicho fundi wa Kamukunji ni mbunifu kamili. Shida ni kwamba hakuna anayemwendea na dodoso. Tafiti za ubunifu za Umoja wa Ulaya, ambazo wengi huziiga, huanzia kampuni yenye wafanyakazi 10. Yeye ana kijana mmoja wa kumshikia bati.

Watu wa takwimu mliomo humu, mngemuuliza maswali mawili tu: mwaka huu umebadilisha nini katika unachokitengeneza, na ulijifunza kwa nani? Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada.