Runaway ya The Corrs: namna ya kuipiga bila kuiharibu

Habari zenu ndugu zangu mlioko nyumbani, karibuni tena. Leo ni zamu ya wanamuziki, hasa nyie wa bendi za harusi. Tunaifungua Runaway, singo ya kwanza ya The Corrs, iliyotoka 1995.

Hawa ni ndugu wanne wa tumbo moja kutoka Dundalk, mji wa Ireland ulioko kati ya Dublin na Belfast. Andrea ndiye mwimbaji mkuu, na hupuliza pia filimbi ya bati. Sharon yuko kwenye fidla, Caroline kwenye dramu, na kaka yao mkubwa, Jim, anashika gitaa na kinanda. Prodyuza alikuwa David Foster. Uingereza wimbo ulishika kweli mwaka 1999, baada ya Tin Tin Out, maprodyuza wa Kiingereza, kuufanyia remix: ulifika namba 2 kwenye chati.

Sasa tuingie kazini. Mdundo wake ni 6/8. Hesabu moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, uzito ukae kwenye moja na nne. Dramu kubwa ipigwe kwenye moja, snea (ile dramu ndogo yenye mlio mkali) kwenye nne, hi-hat (visahani viwili vya kukanyaga) ipite zote sita kwa wepesi. Bendi nyingi zinaharibu hapa hapa: mpiga kinanda anachagua mdundo wa Waltz. Waltz inakita dramu kubwa kwenye moja na kwenye nne pia, wimbo unaanza kuyumba na mwimbaji anakosa pa kuvutia pumzi. Chagua Slow Rock, kisha punguza spidi. Watu wa Mombasa na Lamu hesabu hii mnayo tayari kwenye chakacha, ila chakacha inasukuma, na huu unataka nafasi. Ngoma zikijaa, umekwisha.

Sauti ndiyo roho ya wimbo. Andrea anaimba karibu kama ananong'ona, halafu dada zake wanamzunguka. Mwimbaji aliyezoea kwaya atataka kuachia kifua; mzuie. Mpe maiki umbali wa vidole viwili au vitatu, asogee nayo. Maiki ikiwa karibu hivyo besi inavimba na sauti inakuwa nzito, kwa hiyo kwenye mixa kata chini ya takriban 100 Hz. Wa sauti ya pili na ya tatu wakubaliane mambo mawili kabla ya jukwaa: wapi wanavuta pumzi, na nani anatamka "s" ya mwisho wa mstari. Wakiitamka wote watatu, spika zinatoa mlio wa nyoka. Ndugu waliokua nyumba moja wanalingana irabu bila kuambiwa; nyie mtahitaji mazoezi, na mazoezi hayo yanalipa kuliko kununua kifaa chochote.

Fidla sasa. Wapigaji wa taarabu wana mkono mzuri sana, lakini punguzeni ule utelezi wa kidole kutoka noti hadi noti. Vuta upinde mrefu, noti ikae safi, na unyamaze mwimbaji anapoimba ubeti. Fidla iingie anapopumua. Kama hamna fidla, msiweke sauti ya fidla ya kinanda, inasikika ya plastiki. Mpeni gitaa la nyuzi za nailoni mstari huo.

Kwenye ufunguo mfuateni mwimbaji wenu, msing'ang'anie wa rekodi. Akikaza koo kwenye kiitikio, shusheni nusu toni, mjaribu tena, hadi aweze kukiimba kwa sauti ile ile ya chini aliyoanza nayo.